Masale Aliyopanda Laurenti

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, akampa jina la Mkwe. Alisema amemwita hivyo kwa sababu kila kitu lazima apelekewe pale alipo, na ukimpelekea bado ananuna. Kule milimani kwetu ng'ombe hatoki. Mashamba yameinama kama paa la nyumba, migomba imeshikana, utamchungia wapi? Anakaa bandani, nyinyi mnateremka bondeni kumkatia majani, kisha mnapanda nayo kichwani huku maji yanawachuruzikia shingoni. Tuliyajua majani yote ya bonde lile kwa majina ya Kipare, lipi linaleta maziwa na lipi linaleta tumbo. Majani ya umande Mkwe hagusi. Unamwekea, anayatazama, anakutazama na wewe, halafu anakugeuzia mkia. Mama anasema, "Umeona? Kayarudishe ulikoyatoa." Kayarudishe! Kama vile jani likishakatwa lina kwao.

Siku moja dada yangu Namsifu alichoka. Akaweka majani ya umande chini, ya jana makavu juu, akajipongeza. Mkwe akala ya juu yote taratibu, alipofika kwenye yale ya umande akainua mguu akamkanyaga Namsifu kidole gumba. Ukucha ule haukuota tena. Huyo Namsifu mkumbukeni, kuna mahali namhitaji.

Mtaniuliza, mzee, sisi tumekuomba habari za nyumba za kupanga, mbona unatulisha ng'ombe? Ni hivi. Mimi niliteremka Same mjini kutafuta kazi nikiwa najua nyasi ni chakula. Sikujua nyasi nyingine. Darasa la tatu niliacha, kwa hiyo mikono ndiyo ilikuwa cheti changu. Nikapata kazi kwa Mzee Shabani, aliyekuwa anatunza viwanja vya nyumba za kupanga za watu wengi. Ukoo wao uko pale barabarani na maduka yao tangu babu wa babu zao. Akanipa fyekeo, akanionyesha uwanja, akaenda kuswali. Aliporudi akakuta nimefyeka, nimekusanya, nimefunga mzigo mzuri kwa kamba ya mgomba, nimeujitwika. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, ng'ombe yuko upande gani?"

Alikaa chini yule mzee. Alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mwanangu," akasema, "huku watu wanafuga nyasi zenyewe."

Ilinichukua muda kuelewa. Unamwagia nyasi maji ambayo watu wanayapanga foleni, zikiota unazikata, ukizikata unazitupa. Mama nilipomweleza alisema nirudi nyumbani, kazi hiyo ina mkosi.

Lakini ukikaa Same utaelewa. Mnaujua upepo wetu. Upepo ule unabeba uwanja mzima unaupeleka kwa jirani, kesho jirani anakurudishia na wake. Nyasi ndiyo inayoshika udongo. Nilikuwa na bibi harusi mmoja mpangaji, msafi sana, ameletwa na mumewe kutoka Gonja. Aliogopa nyoka, kwa hiyo alizing'oa nyasi zote, akawa anafagia uwanja asubuhi na jioni mpaka unang'aa kama sakafu. Watu wanamsifu. Mimi napita nasema, dada, unaifagia nyumba ya watu. Ananicheka. Kila ufagio ukipita unaondoka na udongo kidogo, na upepo unamalizia. Mvua za vuli zilipokuja, msingi ulikuwa nje umekaa kama meno ya mzee, maji yakaingia chini, ukuta wa jikoni ukapasuka. Mwenye nyumba akasema ni kosa la mpangaji, mpangaji akasema tangu lini usafi ni kosa. Wote wawili walikuja kwangu. Niliwaambia ningejua kusuluhisha watu nisingeshika fyekeo.

Basi sikilizeni, nyie mnaopanga. Siku ya kwanza kabla hujaingiza kitanda, zunguka uwanja na mwenye nyumba, mwambie akuonyeshe kwa mguu, siyo kwa kidole. Kidole kinaonyesha mbali, mguu unasimama pale pale. Ua wa michongoma nani anapogoa? Mfereji wa maji ya paa nani anauzibua? Fyekeo ni la nani, likivunjika mpini nani anachonga? Maneno kama "mpangaji atatunza mazingira" yasikuridhishe, mazingira ni neno kubwa, hata mlima unaingia humo. Na kama ni vyumba vya kupanga, wapangaji sita uwanja mmoja, wekeni zamu ya kufagia mapema mkiwa bado mnapendana.

Kufyeka kwenyewe, Mzee Shabani alinifundisha hivi: usizifyeke nyasi kama unagombana nazo. Mkono usifanye kazi, kiuno ndicho kinafanya kazi, fyekeo linapita lenyewe. Fyeka asubuhi umande umekauka kidogo. Usikate mpaka chini, jua la Same litaingia kwenye mizizi na utabaki na kipara. Maji ya kufulia yenye povu mwaga nje ya uwanja, ya kusuuzia ndiyo ya nyasi, tena jioni. Mchana ukimwagilia unapika.

Sasa kuna mashine, najua. Kijana anavaa miwani, anafunga mkanda, vuuu, amemaliza. Na wengi hata mashine hawahitaji, wamemwaga pevingi kutoka getini hadi mlangoni. Nikipita mitaa niliyofanya kazi naona matofali tu, magari yamekaa juu yake, joto linapanda kama la jikoni. Mtu ananiambia, mzee, si umepumzika sasa? Nimepumzika. Lakini jioni mvua ikinyesha napanua pua natafuta ile harufu ya ukoka uliokatwa, siipati. Nasikia harufu ya saruji.

Harufu ile nikiikumbuka namkumbuka Laurenti. Hapo ndipo nilikuwa naelekea tangu kwa ng'ombe, sema njia yangu ina kona.

Laurenti alikuwa fundi wa pampu za maji. Alikuwa anazunguka mashamba ya mpunga huko Kihurio na vijiji vya chini, anarudi Same na tope mpaka magotini. Mtu mzima, hana mke, hana mtoto. Alipanga nyumba ya Mzee Elieza, Mpare wa Usangi ambaye alikaa kwake huko milimani na kuteremka mara moja moja kuangalia nyumba. Mimi nilikuwa jicho la mzee pale mjini. Kiwanja kilikuwa kirefu. Nusu ya juu ndiyo nyumba na uwanja wake. Nusu ya chini ilikuwa wazi, Mzee Elieza amemwekea mwanawe wa Dar es Salaam aje ajenge.

Wapangaji wote niliowahi kuwaona walifyeka kwa kuwa mkataba umesema. Laurenti alifyeka kwa raha. Alikuta vumbi. Akaleta vipande vya ukoka kutoka kingo za mifereji ya Kihurio, kwenye begi la spana, akavipanda kimoja kimoja kama mtu anayeshona. Mvua mbili, uwanja ukawa kijani mpaka wapita njia wanasimama. Jioni anatoa viti viwili, anaweka birika, ananiita.

"Mpare! Njoo ule chai ya bure, najua ndiyo mnayoipenda."

"Nyamaza wewe mtu wa mwisho wa reli. Rudi kwenu Kigoma ukavue dagaa."

"Kigoma yenyewe sijaiona. Na wewe usinifukuze, utanifungulia kesi. Mpare anauza ng'ombe apate nauli ya kesi ya kuku!"

Ndivyo tulivyokuwa. Na kweli Kigoma alikuwa hajaiona. Baba yake ndiye aliletwa kukata mkonge, yeye alizaliwa kambini, hapo chini kwenye mashamba. Jioni moja alinieleza kuwa mama yake aliwahi kupanda mpapai karibu na mlango wa chumba chao. Ulipoanza kuzaa nyapara akapita, akasema mstari wa nyumba lazima uwe safi, akaukata.  Mama aliyaokota yale mapapai mabichi akayapika kama mboga. Laurenti alinisimulia bila kuniangalia, anang'oa magugu miguuni pake, shina moja moja. Kisha akasema, "Mpare, mimi nimechoka kuhama. Nataka nizeekee hapa hapa, kwenye nyumba yenye nyasi mbele. Nitamwambia mzee. Unadhani atakubali?"

Nikamwambia atakubali, kwani atapata wapi mpangaji kama wewe. Nilisema kweli tupu.

Shida ilikuwa moja. Walipoandikiana mkataba, mzee alimwambia, "Unafyeka kuanzia getini mpaka kwenye mfereji wa zamani." Mfereji wenyewe ulishafukiwa, hakuna aliyeuona zaidi ya mzee. Kila akiteremka kutoka Usangi anasimama, anakunja uso.

"Huku mbona hujafyeka?"

"Mzee, huko si kwangu. Mfereji si ulisema unapita hapa?"

"Hapa? Mfereji uko kule."

Mara nyingine uko huku. Mfereji ule ulikuwa unatembea kuliko mimi. Laurenti akafyeka zaidi, akafyeka zaidi tena, na bado akaambiwa mvivu. Mvivu, Laurenti! Lile neno lilimkaa. Hakunijibu utani siku mbili tatu.

Ndipo Namsifu, yule wa kidole, akalazwa hospitali huko Gonja. Nikapanda kumuuguza, nikakaa mpaka aliporuhusiwa. Niliporudi Same nilipita kwa Laurenti kabla hata ya kwenda kwangu, nina ndizi zake mkononi. Nikafungua geti. Nikasimama.

Katikati ya kiwanja, kuanzia ua wa upande huu mpaka ua wa upande ule, palikuwa na mstari wa masale. Umenyooka kama umepigwa kamba. Na yameshika, majani marefu yanang'aa.

Nyie wa mjini labda mnaliona sale ni ua la kwenye chungu. Kwetu milimani sale ndiyo hati ya ardhi. Baba akigawa shamba anapanda sale, ndugu wakigombana wazee wanakuja wanatafuta sale liko wapi, wanamaliza. Huwezi kupanda sale kwenye ardhi ya mtu. Na likishapandwa, hakuna wa kuling'oa kienyeji, ni aliyepanda tu, mbele ya mwenye ardhi. Anayeng'oa la mwenzake watu wanamhesabia kila msiba unaofuata.

"Umeona?" Laurenti ananiambia, amefurahi kabisa. "Sasa nione mzee atasema mfereji uko wapi. Juu ya mstari nafyeka mimi, chini ya mstari asiniulize."

"Laurenti, nani amekupa haya?"

"Yule mama wa Usangi anayeuza ndizi stendi. Nimemwambia nataka mmea usiokufa na jua letu, wa kuweka mpaka. Akaniletea gunia zima! Akaniuliza kama nimenunua kiwanja, nikasema bado, akaniombea Mungu anisaidie."

Nikaketi juu ya ndoo. Nikamweleza. Alinisikiliza, mwanzo anacheka, baadaye hacheki.

"Basi tuyang'oe sasa hivi, mimi na wewe."

"Mimi siyagusi."

"Wewe si Mlutheri? Jumapili si unapitisha kapu la sadaka?"

"Mlutheri ni mimi, Laurenti. Mkono haujabatizwa."

"Basi nang'oa peke yangu."

"Usiguse. Ukiyang'oa kimya kimya na watu wameshayaona, ndiyo watasema unahamisha mpaka. Mngoje mzee, umweleze."

Na watu walikuwa wameshayaona. Jirani alipiga picha kwa simu, na picha ilishafika Usangi mimi nikiwa bado barabarani na ndizi zangu.

Mzee Elieza aliteremka asubuhi ya pili. Sasa mwangalieni Mpare. Aliingia getini, akatusalimia, akatembea mpaka kwenye mstari wa masale. Hakuuruka. Alirudi nje, akazunguka barabara yote ya nyuma kwa fimbo yake, akatokea upande wa chini wa kiwanja. Akasimama kule, sisi huku. Ndiyo wakaanza kuongea, ng'ambo kwa ng'ambo, kama watu wa kingo mbili za mto.

"Shikamoo mzee," Laurenti akasema.

"Marahaba. Baba yangu aliishi na ardhi hii hakupanda sale. Mimi sikupanda. Wewe umepanda. Kwa hiyo huko uliko ni kwako, mimi nimebaki na huku, ndiyo?"

"Hapana mzee. Nimeweka alama ya kufyeka. Ulisema mfereji, mfereji siuoni. Sikujua habari za masale."

"Umekaa na Wapare hukujua?"

Nikaingilia. "Mzee, huyu kweli hakujua. Mimi nilikuwa Gonja, hakuwa na wa kumwambia."

Mzee akanitazama, akamtazama Laurenti kwa muda. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Nadhani aliamini. Lakini kuamini ni jambo moja na masale ni jambo jingine.

"Wewe kwenu wapi?" akamuuliza.

"Nimezaliwa hapo kambini, kwenye mkonge."

"Kambini si kwao mtu yeyote. Nakuuliza kwenu."

Laurenti aliinama, akang'oa gugu moja miguuni pake.  

Mzee akasema, "Sikufukuzi. Yang'oe wewe uliyeyapanda, mimi nikiona, na Mpare mwenzangu huyu akiona. Ukimaliza useme kwa mdomo wako kwamba huna chako hapa. Basi. Yanakwisha."

Kabla sijawaambia alivyofanya, niwaambie haya kwanza, maana nikishafika mwisho sitaki kuongeza neno. Godoro la Laurenti liko kwangu, na redio, na viti vile viwili. Nilivichukua mzee alipopangisha mtu mwingine, nikasema ataviulizia. Nikienda Kihurio nauliza kwenye pampu. Kuna mashine moja inalia vizuri, mtu anasema hii alitengeneza Laurenti, lakini ni zamani. Wengine wanasema alionekana upande wa Korogwe, wengine wanasema amekwenda kuitafuta hiyo Kigoma. Mimi nimebaki na utani ambao hauna wa kujibu. Unajua ni kitu gani kuwa na utani mdomoni na mwenyewe hayupo? Nikiwaona wapangaji wapya siwaambii chochote. Ule uwanja wameuwekea pevingi, mstari haujulikani ulikuwa wapi.

Basi Laurenti akaenda jikoni kwanza, akabandika birika, akasema, "Wazee mtakunywa chai tukimaliza." Akavua viatu. Hakuvuta yale masale kwa hasira. Alichimba kila shina kwa mkono, akalitikisa udongo ubaki pale pale kwenye ardhi ya mzee, akalilaza kwenye gunia. Kila shimo alilifukia, akalikanyaga kwa kisigino, akaweka kipande cha ukoka juu. Jua lilipanda. Alipofika la mwisho, kule kwenye ua, alisimama akajinyoosha mgongo. Akaja mpaka katikati.

"Mzee, sina changu hapa," akasema.

Alisema taratibu tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Mzee Elieza akavuka. Sasa njia ilikuwa wazi, akapita pale pale mstari ulipokuwa, akampa mkono. Akanituma getini, kulikuwa na mkungu wa ndizi aliouacha huko tangu anafika, mshare mzuri wa Usangi. Kumbe alikuja nao kabisa. Akamwambia, "Chukua. Sasa wewe ni mtu wangu. Kaa hapa, kaa hata uzeeke, hakuna atakayekuuliza."

Nilimtazama Laurenti, nilitaka aone kwamba amepata lile alilolitaka. Nilimkonyeza. Alisema, "Nimesikia, mzee. Ahsante sana."

Akachukua reki, akakusanya majani yaliyodondoka, hata yale madogo. Akatundika fyekeo msumarini. Akakunja mpira wa maji vizuri, duara juu ya duara, maana mpira ukiukunja vibaya unapasuka. Akanawa miguu bombani, akavaa viatu.

"Mpare," akaniambia, "nyasi za kona ya chini zina kiu. Jioni, siyo sasa."

"Kwani mimi mtumishi wako?"

Akatabasamu kidogo. Akafungua geti, akatoka, akalirudishia na komeo lake kama anavyofanya kila siku mbuzi wasiingie. Niliona kichwa chake kinapita juu ya michongoma kuelekea barabara kuu, hana begi, hana kitu. Nikajua sukari imekwisha, anakwenda dukani.

Mimi na mzee tukaketi kwenye vile viti viwili, tunamngoja. Birika likaanza kuchemka. Mzee akaniambia nikaliepue. Nikaliepua, nikalifunika na kitambaa lisipoe.